Jagi la chujio kwa maji ya Arusha: linachukua nini, linaacha nini

SWALI

Mshauri, habari za kazi.

Tunaishi Moshono, watu watano: mimi, mume wangu, mama mkwe na watoto wawili, mmoja ana miaka 7 na mwingine miezi 20. Maji yetu ni ya bomba, yanaingia kwenye simtanki la lita 2,000. Bomba likikauka tunajaza kwa boza. Wenye boza wanachota kisimani, ila kisima gani hawasemi.

Wifi yangu alipokuja likizo kutoka Ujerumani alituletea jagi la chujio la lita 2.4, lile lenye katriji nyeupe katikati na kitaa kwenye mfuniko. Maji yote ya kunywa tunayapitisha humo, kama lita 10 kwa siku. Mume wangu ameagiza kile kikalamu cha kupimia maji. Ya bomba yanasoma 420, yakitoka kwenye jagi yanasoma 370. Kwa hiyo anasema maji yameshasafishwa, tuache kuchemsha tuokoe gesi. Mama mkwe hataki kusikia. Anachemsha kwanza, kisha anamimina kwenye jagi yakiwa bado ya moto, anasema yapate "kuchujwa mara ya pili".

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni meno. Mkubwa meno yake mapya ya mbele yametoka na mistari meupe na doa la kahawia. Sitaki yampate na mdogo. Je, jagi litamkinga?

La mwisho: katriji ina wiki tatu, kitaa kinaonyesha bado nusu, lakini maji yanadondoka taratibu mno na yana harufu kama ya matope. Kuna fundi mtaani amesema ataifungua aijaze mkaa mpya kwa bei ndogo. Na duka moja mjini linatushawishi tununue mashine ya kuchuja ya kufunga chini ya sinki. Tufanye lipi?

Mama Wawili, Moshono


JIBU

Mama Wawili, tuanze na majibu mafupi. Kuchemsha kuendelee, ila mpangilio wa mama mkwe ugeuzwe: jagi kwanza, moto baadaye. Fundi asiiguse katriji. Mashine ya chini ya sinki inaweza kufaa, lakini kwanza upate vipimo vya maji yako na ujue presha ya bomba lako la jikoni. Kuhusu meno ya mdogo, jagi hilo halitamsaidia, na hapo ndipo tutakapokaa muda mrefu zaidi.

Kwanza tuone ndani ya katriji mna nini. Mna vitu viwili vilivyochanganywa. Kimoja ni chembe za mkaa amilifu, ambao mara nyingi hutengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa bila hewa kisha vikapitishwa mvuke mkali ili vijae vitundu vidogo sana. Huo unaondoa klorini, harufu na baadhi ya kemikali za asili ya mimea au viwanda. Kingine ni punje ndogo za plastiki maalumu inayoitwa rezini. Rezini ya majagi mengi hukamata kalisi na magnesi, pamoja na risasi na shaba zinazotoka kwenye mabomba ya zamani, na badala yake huachia haidrojeni kwenye maji. Majagi haya yalibuniwa kwa ajili ya miji ya Ulaya ambako maji ya bomba yameshatibiwa, yana klorini, na yana kalisi nyingi inayoacha ukoko mweupe kwenye birika. Kampuni ya Brita, iliyoanzishwa Ujerumani mwaka 1966, ilijipatia jina kwa kazi hiyo, na kwa kazi hiyo majagi ya aina hii yanafanya vizuri kweli: chai inatoka safi, harufu ya klorini inapotea.

Sasa maji ya Arusha ni ya namna nyingine. Yamepita kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru, na mengi yana sodiamu na bikaboneti kwa wingi huku kalisi ikiwa kidogo. Rezini ya jagi inapata kazi ndogo hapo, kwa sababu ilichokuja kukamata hakipo kwa wingi. Tena uchache huo wa kalisi ndio unaoiacha floraidi, ile inayotia meno madoa ikizidi, ielee: kalisi ingekuwa nyingi, ingeungana na floraidi na sehemu yake ingetuama. Floraidi ina chaji hasi, na rezini ya jagi inakamata vyenye chaji chanya tu. Mkaa wa vifuu nao hauishiki kwa kiasi cha maana. Kwa hiyo floraidi inaingia juu na kutoka chini ikiwa karibu ileile.

Mtasema, mbona kikalamu kimeshuka kutoka 420 hadi 370? Kikalamu hakioni kilichomo kwenye maji. Kinapima jinsi maji yanavyopitisha umeme, kisha kinakisia jumla ya chumvi zote zilizoyeyuka, kwa miligramu katika lita moja. Punguzo la 50 mliloliona ni kalisi, magnesi na bikaboneti zilizopungua. Floraidi hata ikiwa miligramu 4 kwa lita, kiwango kibaya kwa mtoto, ni kama asilimia 1 tu ya 420. Ikitoka yote au ikibaki yote, kikalamu hakitakuonyesha. Na bakteria hawabadilishi usomaji kabisa. Maji yenye kinyesi yanaweza kusoma 60 na maji salama yakasoma 500. Kikalamu msikitupe, kina kazi yake ambayo tutaifikia, ila kisitumike kuamua kama maji yachemshwe.

Hapo mume wako amekosea, na ni kosa la kuharisha. Nafasi kati ya chembe za mkaa ni kubwa mara nyingi kuliko bakteria, ambaye urefu wake ni kama sehemu moja ya elfu ya milimita. Kibaya zaidi, mkaa unaondoa klorini iliyokuwa inayalinda maji. Katriji nyingi zimetiwa madini ya fedha kidogo ili bakteria wasizaliane ndani yake, lakini fedha hiyo haiui wale wanaopita na maji. Watengenezaji wenyewe huandika kwenye kijitabu kwamba jagi ni la maji yaliyokwisha kutibiwa, na kwamba mamlaka ikisema maji yachemshwe, ya kwenye jagi nayo yachemshwe. Maji ya boza, ambayo hamjui yametoka kisima gani na boza lilioshwa lini, hayaingii kwenye kundi la maji yaliyotibiwa.

Mama mkwe yeye yuko sahihi kwenye moto, amekosea kwenye zamu. Akichemsha kwanza na kumimina kwenye jagi, maji yaliyokuwa yamekufa vijidudu yanapita kwenye katriji yenye unyevu wa wiki tatu, na yanaweza kuchukua wengine humo. Tena maji ya moto yanaiharibu: jagi na katriji vimetengenezwa kwa maji ya baridi, na joto hulegeza plastiki na linaweza kufanya katriji iachie ilichokwisha kukamata. Utaratibu wenu uwe huu. Maji ya boza au ya bomba yenye tope yatuame kwenye ndoo yenye mfuniko usiku kucha. Asubuhi yachotwe ya juu na kupitishwa kwenye kitambaa cha pamba kilichokunjwa mara nne. Halafu jagi. Halafu sufuria: yakishatokota kwa nguvu, yaacheni dakika moja tu. Arusha mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka kwenye nyuzi kama 95, na joto hilo linatosha kuua vijidudu vya maradhi. Kuyaacha yatokote robo saa ni kuchoma gesi bure, na utaona punde kwamba kuna hasara nyingine. Yakipoa yaingie kwenye ndoo yenye koki, na yasirudi kwenye jagi.

Anayetaka kuokoa gesi atumie dawa ya klorini ya kutibu maji, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, asubiri nusu saa. Dawa nayo iwekwe baada ya jagi. Ukiiweka kabla, mkaa unaila yote na umelipia dawa ya kuishibisha katriji.

Sasa meno. Madoa ya mkubwa, kwa jinsi ulivyoyaeleza na kwa mahali mnapoishi, yanafanana sana na ya floraidi, ila daktari wa meno ayaone ndiye athibitishe, kwa sababu homa kali au jeraha la utotoni pia huacha alama. Kama ni floraidi, madoa yameingia wakati jino linatengenezwa ndani ya ufizi. Hayafutiki kwa mkaa, majivu wala dawa ya meno ya kukwaruza. Mtoto asisuguliwe, atapoteza gamba la jino bure. Meno yake ya mbele yameshatengenezwa, ila ya nyuma baadhi bado, kwani kazi hiyo huendelea hadi karibu miaka 8. Mdogo wa miezi 20 yuko katikati ya muda hatari kabisa kwa meno ya mbele. Kama kuna maji yenye floraidi kidogo yanayopatikana kwa shida, aanze kupewa yeye.

Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Tanzania iliwahi kuruhusu hadi 8 katika kiwango cha muda cha mwaka 1974, baadaye ikawa 4, na sasa ni 1.5 kama kwingine. Usishangae basi kusikia watu wazima waliokulia Meru wakisema maji yao "yalipimwa yakaonekana mazuri". Yalipimwa kwa rula ya zamani. Katika maeneo yanayozunguka mlima, upande wa Maji ya Chai na Ngarenanyuki, kuna vyanzo vinavyopita miligramu 10. Chanzo kimoja na kingine kilicho kilomita chache tu vinaweza kutofautiana mara kumi, ndiyo maana boza lisilosema kisima chake linatutia wasiwasi kuliko bomba. Ndugu zetu wa Moshi mjini, wanaopata maji ya chemchemi za Kilimanjaro, kwa kawaida hawana tatizo hili kwenye bomba. Ila wao wana magadi, nanyi pia mnayo.

Magadi hayatajwi vya kutosha. Yale mawe ya kulainishia maharage, makande na kiburu yana floraidi, na mengine ni nyingi kiasi cha kufunika juhudi zote za kutafuta maji mazuri. Meno yenye madoa yameonekana Kilimanjaro hata kwa watoto wanaokunywa maji yenye floraidi kidogo, na magadi ni mmoja wa washukiwa wakubwa. Loweka maharage usiku, mwaga maji ya kulowekea, pika bila magadi. Yanaiva, yanachukua muda kidogo zaidi. Hili halina gharama yoyote, linaanza leo jioni.

Na hapa ndipo ile hasara nyingine ya moto inapoingia. Kuchemsha hakuondoi floraidi, kunaikoleza, kwa sababu mvuke unatoka na floraidi inabaki. Ukichemsha lita 3 zenye miligramu 4 kwa lita zikabaki lita 2.7, sasa una karibu 4.4. Kwa dakika moja ya kutokota tofauti ni ndogo. Kwenye sufuria ya makande ni kubwa: umeanza na lita 2, umeongeza lita 2 nyingine kidogo kidogo kadiri yanavyokauka, basi miligramu 16 za lita zote 4 zimo kwenye chakula. Kwa hiyo maji ya kupikia uji, makande na mchuzi wa mtoto yahesabiwe pamoja na ya kunywa. Ya kuoga, kufua na kuoshea vyombo yasikusumbue; floraidi haipiti kwenye ngozi kwa kiasi cha kudhuru. Familia yenu basi inahitaji kama lita 20 tu kwa siku zenye floraidi ndogo, dumu moja.

Dumu hilo litoke wapi? Kwa maoni yetu, kwa nyumba yenye paa la bati, mvua ndiyo njia ya kwanza, na watu wanairuka kwa sababu haina duka linaloitangaza. Maji ya mvua hayana floraidi ya kuhesabu. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita 50 za mraba likipata milimita 100, ukitoa zinazomwagika na kurukia nje, linakupa kama lita 4,000. Kati ya mwisho wa masika na vuli, Juni hadi Oktoba, kuna siku kama 150. Mara lita 20 ni lita 3,000. Simtanki la lita 3,000 la mvua peke yake, lisilochanganywa na boza, linawavusha kiangazi. La 5,000 linawapa nafasi ya kupumua vuli ikichelewa. Mvua za kwanza baada ya vumbi ziachwe zioshe bati: kwa paa lenu mwage angalau lita 25 hadi 50 za mwanzo kabla ya kuelekeza bomba kwenye tanki. Wavu mdomoni, mfuniko usiopitisha mwanga, na maji yachemshwe kama mengine, maana ndege hawaulizi bati la nani.

Mvua ikiwa kidogo, changanya. Maji ya bomba yakiwa na 4, sehemu moja ya bomba kwa sehemu tatu za mvua inakupa 1. Yakiwa na 3, nusu kwa nusu inakupa 1.5, mpakani kabisa. Mdogo apewe ya mvua tupu.

Maji ya chupa kwa mtoto peke yake ni njia ya haraka wakati mengine yanapangwa. Soma lebo, nyingi zinaandika floraidi kwa miligramu katika lita. Chagua iliyo chini ya 1 na usidhani kwamba kila chupa yenye picha ya mlima ni sawa.

Njia ya tatu imekulia hapahapa. Kituo cha utafiti wa kuondoa floraidi cha Ngurdoto, chini ya Wizara ya Maji, kimefanya kazi miaka mingi na mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Usiuchanganye na mkaa wa vifuu ulio kwenye jagi. Mfupa ukichomwa bila hewa ya kutosha kwenye nyuzi kama 400 hadi 500 unabaki na madini yake ya kalisi na fosfati, na hayo yanaipokea floraidi na kuishika. Kazi ya kuuchoma si ya nyumbani: ukichomwa pungufu, maji yanatoka na rangi na harufu ya mnofu, ukichomwa kupita kiasi hadi kuwa mweupe, unapoteza nguvu na hakuna macho yatakayokuambia. Nunua uliotengenezwa na watu wanaopima.

Chujio lake ni ndoo mbili au bomba nene lenye koki chini. Kwa makadirio ya tahadhari, kilo moja hubeba kama gramu 2 za floraidi kabla ya kuchoka. Maji yenu yakiwa na 5 na mnataka yashuke hadi 1, kila lita inaacha miligramu 4, hivyo kilo moja inatosha lita 500. Kilo 3, kwa lita 20 kwa siku, ni siku 75. Maji yakipita haraka floraidi haipati muda wa kukamatwa. Koki ifunguliwe kidogo ili maji yakae na mkaa angalau dakika 20 hadi 30. Ukichoka hautoi ishara yoyote: ladha ileile, rangi ileile. Andika tarehe ya kuanza kwenye ndoo, na peleka maji yapimwe siku zinapokaribia kuisha. Vijidudu hauviui, kwa hiyo sufuria iko palepale. Wasiotaka mifupa kwa sababu za dini wana chaguo jingine: Chuo cha Nelson Mandela, ambako Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio la mchanga na chembe ndogo sana linalopangwa kulingana na tatizo la maji ya mahali. Chujio hilo lilipata mwaka 2015 tuzo ya uhandisi kwa Afrika inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kwa chujio lolote la floraidi, liwe la nani, swali la kumuuliza muuzaji ni moja: kwa maji yenye kiwango changu, litapitisha lita ngapi kabla ya kuvuka 1.5? Asiye na jibu kwa lita hajalipima.

Swali hilohilo linafaa kwa wauzao alumina, yaani punje za madini ya alumini, kwa ajili ya floraidi. Inafanya kazi vizuri kwenye maji yenye uchachu kidogo, na maji ya kwetu yana hali ya magadi, kinyume cha uchachu. Uwezo ulioandikwa kwenye boksi hushuka sana.

Mashine ya chini ya sinki, kama ni ile inayosukuma maji kwenye utando mwembamba, inaondoa floraidi kweli: utando mzima hupunguza asilimia 85 hadi 95, kwa hiyo 5 inaweza kushuka hadi kati ya 0.25 na 0.75. Tatizo ni presha. Nyingi zinataka kama ba 3 (ba ni kipimo cha presha). Tanki lililo mita 10 juu ya koki linatoa ba 1 tu. Simtanki lenu likiwa kwenye mnara wa mita 4 mna 0.4, na utando utatoa matone. Itabidi pampu ndogo ya kuongeza presha, na umeme ukikatika hakuna maji. Kwa kila lita nzuri, lita 2 hadi 4 zinatoka kwenye bomba la taka, na hizo zina floraidi iliyokolea: dekieni, mwageni chooni, msipikie wala kunyweshea mifugo. Tope likiingia utando unaziba, klorini inauchoma, ndiyo maana kuna vichujio vya awali vinavyobadilishwa kila baada ya miezi kadhaa. Muulize muuzaji bei ya vichujio hivyo na ya utando kabla ya bei ya mashine. Na hapa kikalamu cha mume wako kinapata kazi: maji yakiingia 420 yakatoka 40, utando uko hai, yakianza kutoka 120, umechakaa.

Kuna pia majagi yenye rezini ya aina mbili yanayoshusha kikalamu hadi sifuri. Hayo yanaondoa floraidi yakiwa mapya. Lakini kwa maji ya 420 katriji yake huchoka baada ya makumi machache ya lita, na katika vitu ambavyo rezini hiyo huviachia mapema zaidi, floraidi ni ya kwanza. Kwa Arusha ni njia ghali ya kunywa maji yasiyo na uhakika.

Turudi kwenye jagi lenu, maana bado linafaa kwa ladha. Kitaa kinahesabu siku, au mara mfuniko unavyofunguliwa, hakipimi maji. Katriji ya aina hii imekusudiwa lita 100 hadi 150. Kwa lita 10 kwa siku, imekwisha kati ya siku ya 10 na ya 15. Wiki tatu ni lita 210. Kudondoka taratibu kunatokana na tope lililoziba, au hewa iliyonaswa ndani. Katriji mpya izamishwe kwenye bakuli la maji ya baridi, itikiswe hadi viputo viishe, kisha majagi mawili ya kwanza yamwagieni maua. Weusi unaotoka ni vumbi la mkaa, hauna madhara. Isukumeni chini hadi ikae vizuri, kwani ikilegea maji yanapita pembeni bila kuchujwa. Hali kadhalika, ukimimina kwenye glasi wakati hifadhi ya juu ina maji, yale ambayo hayajachujwa yanachungulia na kuingia.

Harufu ni bakteria na uozo kwenye mkaa. Jagi lisikae dirishani juani, litaota ukijani. Likae kwenye friji au kivulini, na maji ya humo yaishe ndani ya siku moja. Katriji hiyo tupeni. Kuiosha kwa sabuni au kuichemsha hakurudishi nguvu yake. Na mkaa wa fundi, hata ukiwa wa vifuu, haujulikani umechomwa na nini. Sehemu ya rezini hatakuwa nayo kabisa, na akiifungua haitaziba tena sawasawa.

Mkinunua nyingine, someni boksi. Namba za NSF/ANSI ni viwango vya Marekani vya vichujio: 42 inahusu klorini na ladha. 53 inahusu vitu vya kiafya, lakini angalieni vimetajwa vipi kwa majina, kwani mara nyingi ni risasi tu. 58 ni ya mashine za utando. Kama neno floraidi halimo kwenye orodha, msiitegemee kuiondoa. Hesabu ya gharama ni nyepesi: katriji ikiuzwa, tuseme, shilingi 30,000, gawanya kwa lita 150, kila lita ni shilingi 200 za ladha. Kwa pesa hizo tungeanza na mifereji ya bati.

Kabla ya kununua chochote, pimeni. Arusha kuna maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji, na Chuo cha Nelson Mandela kiko Tengeru. Mamlaka ya maji ya jiji nayo mnaweza kuiuliza kipimo cha chanzo kinachowahudumia. Kwa floraidi, chukueni chupa safi ya plastiki ya nusu lita, isuuzeni mara tatu kwa maji hayohayo, jazeni hadi mdomoni. Pelekeni chupa tatu tofauti: bomba, boza, na yaliyotoka kwenye jagi, ili mume wako aone mwenyewe. Kwa bakteria ombeni chupa ya maabara iliyotakaswa, msiisuuze, ikae na barafu na ifike siku hiyohiyo. Kwenye kila chupa andikeni tarehe, saa na mahali yalipochotwa, na ya boza msiichukue hadi dereva ataje kisima.